Tope Hai la Ziwa la Mwangoni

Wenzangu mliobaki kazini,

Nimestaafu wiki tatu zilizopita, baada ya kuitumikia kazi ya maji katika upande huu wa Kwale tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Siku ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache, nami nikasema machache mno, kwa sababu sijui kusema mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya kukodi. Kuandika najua kidogo zaidi. Tena siku ile ile palitokea jambo dogo lililonionyesha kwamba kuna kitu kimoja sijawahi kuwaeleza sawasawa. Nitakieleza sasa. Habari za vyeo sitaziandika. Ziko kwenye faili, na faili ziko Kwale juu kilimani. Anayezitaka na apande.

Nilisoma hadi darasa la nane. Yaliyozidi hapo niliyapata katika vitabu vya watu, nikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa jioni, wakati mwingine nusu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha pampu karibu na Msambweni, ambako maji ya visima yalitiwa klorini kabla ya kupelekwa kwa watu. Mkubwa wangu hapo alikuwa Bwana Kassim, mtu mrefu aliyekuwa akininusa mikono kila asubuhi kabla ya kujibu salamu yangu. Nikisema shikamoo, yeye ananusa kwanza, kisha ndiyo anasema marahaba.

"Kijana," alikuwa akiniambia, "mdudu wewe humuoni, lakini yeye anakuona."

Sheria yake ilikuwa moja. Kila chombo, kiwe ndoo, debe au kikombe, kioshwe kwa maji ya klorini mara mbili. Mara ya kwanza kuua wadudu, mara ya pili ili yeye Bwana Kassim alale usingizi. Na debe likikaa bila kazi, kikombe kimoja cha dawa kali kiachwe ndani yake, ili asiingie mgeni. Niliishika sheria hiyo kama watu wanavyoshika udhu. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na mtu pwani nzima aliyekuwa na madebe safi kuliko yangu, na nilijivunia jambo hilo kuliko inavyofaa.

Kisha nikapelekwa Mwangoni, kuwa msaidizi wa Fundi Hamisi.

Ziwa la Mwangoni mnalijua lilivyo leo. Wakati ule lilikuwa jeusi. Si kubwa, mtu akienda kwa mwendo wa kawaida analizunguka kabla chungu cha maharagwe hakijaiva. Upande wa mashariki walikaa Wadigo wa asili ya hapo, na upande wa magharibi walikuwa wamegawiwa viwanja watu waliotoka Ukambani, wakulima wenye ng'ombe wachache. Juu ya kijito kinacholiingia palikuwa na kiwanda kidogo cha sukari guru ambacho kwa miaka mingi kiliosha makarai yake na kumwaga povu la miwa kijitoni. Nilipofika mimi, kiwanda kilikuwa kimeshafungwa na mwenyewe ameshahama. Lakini ziwa lilikuwa limeshakunywa.

Maji yalitoa mapovu yenyewe, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Harufu yake ilikuwa ya mayai viza. Pete za fedha za akina mama waliokaa karibu ziligeuka nyeusi vidoleni, na waliosugua leo walisugua tena kesho. Ng'ombe waliinamisha vichwa, wakanusa, wakageuka. Ili wanywe ilibidi wapelekwe mbali, nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na wale dhaifu waliishia njiani.

Bwana D.O., ofisa wa serikali wa tarafa yetu, alikuwa ameshaamua. Ziwa likaushwe kwa kuchimbwa mtaro, kabla ya masika, kwa sababu ya afya ya watu. Na kwa kuwa kiwanja cha makazi kisicho na maji si kiwanja, wale wa upande wa magharibi wangehamishwa. Wapi, hakusema. Mtu mmoja tu ndiye aliyeomba subira ya msimu mmoja, naye ni Fundi Hamisi.

Fundi Hamisi alikuwa mfupi, mwenye mvi, na kaptula yenye viraka vilivyoshonwa vizuri. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mabwawa ya maji taka huko upande wa Ramisi kwenye mashamba ya miwa, na hakuna shule iliyomfundisha. Alikaa kando ya bwawa akalitazama, basi. Siku yangu ya kwanza alinichukua hadi ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akanusa, akanipa na mimi ninuse.

"Wanasema ziwa limekufa," alisema. "Wewe waonaje?"

"Naona limekufa, Fundi."

"Maiti hapumui. Hili linatoa mapovu. Hili limekosa pumzi tu, mwanangu, na mtu aliyekosa pumzi humchimbii kaburi."

Akanieleza, kwa maneno ambayo baadaye niliyakuta vitabuni yakiwa marefu zaidi lakini si bora zaidi. Majini mna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana, na kazi yao ni kula uchafu. Wako wa namna mbili. Wanaopumua hewa hula uchafu na kumaliza, wakaacha maji na tope lisilonuka. Wasiopumua nao hula, lakini huacha ile harufu ya mayai. Sukari ilipojaa ziwani, wale wanaopumua walikula kwa pupa hata wakaimaliza hewa yote ya majini, wakafa, na nafasi yao ikachukuliwa na wenzao wanaonuka.

"Kazi yetu ni mbili," alisema. "Kulirudishia ziwa hewa, na kulirudishia wafanyakazi. Hewa bila wafanyakazi ni kama jiko bila mpishi. Wafanyakazi bila hewa nao ni kama mimi bila chai."

Aliwaita hivyo sikuzote, wafanyakazi. Aliwasifu kwamba hawaombi likizo na hawamwombi mtu barua ya kumtambulisha.

Hewa tuliitia kwa ngazi. Tulikuwa na mashine moja ya dizeli na pampu yake. Bomba la kufyonza tulilizamisha hadi chini kabisa, kwenye maji mabaya kuliko yote, na pampu ikayapandisha kwenye mfereji wa mbao. Kutoka hapo yaliteremka ngazi saba tulizozijenga kwa mawe ya matumbawe, yakarudi ziwani. Mawe hayo yana matundu, na maji yakipita juu yake hupasuka na kuchanganyika na upepo. Fundi alikaa siku mbili akipanga jiwe moja moja, mimi nikidhani anachelewesha kazi.

"Usiyamwage kama unayemwaga uchafu wa sahani," alinifundisha. "Yatandaze. Yawe membamba kama chapati za maji."

Vipimo vyetu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni sahani nyeupe ya bati iliyofungwa kamba. Unaishusha majini hadi ipotee machoni, kisha unapima kamba. Cha pili ni chupa za soda na wino wa buluu wa maabara. Unajaza chupa maji ya ziwa, unatia tone la wino, unaziba kwa kizibo. Maji yasiyo na hewa huumeza ule ubuluu yakawa meupe. Maji yenye afya hukaa buluu siku nyingi. Chupa zilipangwa rafuni kwenye kibanda cha pampu, na mimi ndiye niliyeandika saa ambayo kila moja ilipoteza rangi. Wiki ya kwanza rangi haikudumu hata muda wa kupika wali.

Wafanyakazi ilikuwa zamu yangu kuwaleta. Kila Jumatatu na Alhamisi nilipanda lori la idara hadi kwenye yale mabwawa ya upande wa Ramisi, nikachota tope la hudhurungi lililokaa chini ya bwawa lenye afya. Tope hilo harufu yake ni ya ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza. Fundi alinipa masharti: nisiyafunike madebe kwa mifuniko bali kwa magunia mabichi, na njiani nikoroge kwa mti, ili wasikose pumzi. Niliyafuata yote. Jioni nilimkabidhi madebe kumi, naye aliyamwaga taratibu chini ya ngazi, akiongea nao maneno ya kuwakaribisha ambayo sitayaandika, kwa kuwa alidhani simsikii.

Ngazi peke yake zilileta nafuu. Chupa niliyoiziba baada ya swala ya adhuhuri ilifika karibu na alasiri kabla ya kuwa nyeupe. Hapo tukakwama. Tope likaja safari ya pili, ya tatu, ya tano, na chupa hazikupita alasiri. Fundi alibadilisha saa za pampu. Alizibomoa ngazi mbili akazijenga upya. Alipunguza kula. Sahani nyeupe ilipotea machoni pale pale ilipopotea jana.

Watu nao walianza kusema. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Mama Mutinda, mwenye kiwanja kinachogusa maji kwa upande wa magharibi. Alikuwa mjane, mwenye ng'ombe watano waliobaki wanne. Kila asubuhi alipita na ng'ombe wake akielekea kwenye yale maji ya mbali.

"Hamjambo, watu wa matope."

"Hatujambo, mama."

"Fundi, nieleze mimi ambaye sikusoma. Hii maji ni chafu. Sasa wewe unaleta uchafu kutoka Ramisi na lori ya serikali, unaongeza hapa. Huko kwetu mtu akifanya hivyo tunamwita mchawi. Nyinyi mnamwita mtaalamu?"

"Mimi si mtaalamu, mama. Mtaalamu ni hao walio kwenye debe."

"Basi waambie wafanye haraka. Nikihamishwa, hii ng'ombe nne imebaki haitafika huko."

Alisema hivyo akicheka, lakini jicho lake lilikuwa kwa ng'ombe.

Ni Mama Mutinda aliyefunua kosa, ingawa hakujua. Debe langu moja lilitoboka, naye akaniazima sufuria yake kubwa ya karamu. "Ikirudi na harufu yoyote," alisema, "utainunua." Nilifika bwawani nikaosha madebe yangu tisa kama kawaida. Sufuria sikuiosha kwa klorini, kwa sababu harufu ya klorini huganda, na ningerudi nayo kwa Mama Mutinda nikiwa sina la kusema. Niliisuuza kwa maji ya bwawa tu.

Siku hiyo Fundi alikuwa ameitwa Msambweni na Bwana D.O. kwa siku kadhaa. Sikuthubutu kumwaga tope bila yeye. Niliweka madebe na sufuria kivulini, nikawa nakoroga. Asubuhi ya pili nilisogelea kukoroga tena, nikanusa. Sufuria ilinuka mvua ya kwanza. Madebe yalinuka Bwana Kassim.

Mimi ni mtu wa kupima kabla ya kuamini, hasa jambo nisilolitaka. Nilichukua makarai mawili, nikayajaza maji yale yale ya ziwa. La kwanza nililitia tope la debe, la pili tope la sufuria, kikombe kwa kikombe. Nikakaa katikati, nikawa nachota na kumimina kwa kata, huku na huku, siku hiyo na siku iliyofuata, kuyapa hewa. Kisha nikayaacha yatulie, nikachukua maji ya juu ya kila karai na kuyatia katika chupa mbili zenye wino. Chupa ya debe ilikuwa nyeupe kabla ya alasiri. Ile ya sufuria ilikuwa buluu alasiri, na kesho yake asubuhi ilikuwa buluu bado.

Majuma yote yale nilikuwa nikibeba wafanyakazi wa Fundi Hamisi katika vyombo vya sumu. Nilikuwa nimeosha kila debe mara mbili, na ndani ya kila moja nikaacha kikombe cha dawa kali. Magunia ya kufunikia niliyalowesha kwa klorini. Mti wa kukorogea pia. Nilichomletea Fundi ni maiti, madebe kumi kumi, naye akiwakaribisha.

Nitawaambia ukweli kuhusu wazo lililonijia kwanza. Niliwaza kunyamaza. Safari ijayo nisioshe, ziwa lipone, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nimeshalipenda wazo hilo pale Fundi aliporudi kutoka Msambweni, akaketi kibandani, akatoa karatasi.

"Bwana D.O. anataka taarifa leo," alisema. "Lori linaondoka alasiri kwenda kwake Msambweni. Mkono wako unasomeka kuliko wangu, njoo uandike. Andika kwamba njia ya Hamisi imejaribiwa, haikufaa, na mtaro uchimbwe."

Nilishika kalamu. Nje, Mama Mutinda alikuwa akipita na ng'ombe wake, na walikuwa watatu. Niliwahesabu mara ya pili, kwa mazoea.

"Fundi," nilisema, "sitaandika hivyo. Njia haijajaribiwa."

Nikamweleza yote, kuanzia pua ya Bwana Kassim hadi makarai mawili. Nikamwonyesha chupa. Alizishika zote mbili mbele ya mwanga, akazigeuza, akaziweka chini.

"Uliosha mara ngapi?"

"Mara mbili, Fundi."

"Kila debe?"

"Kila debe."

"Mara mbili," alisema polepole. "Nimefanya kazi na watu wengi katika maisha yangu, na hakuna aliyewahi kuosha chombo hata mara moja. Nilipoomba msaidizi, Mungu akaniletea wewe."

Sikujua kama niombe radhi au nitoke nje. Yeye akasogeza karatasi.

"Andika. Andika kwamba mimi Hamisi sikumweleza msaidizi wangu kuwa vyombo visitiwe dawa, na kwa hivyo tope lilifika limekufa. Omba muda hadi mvua ya kwanza."

"Lakini kosa ni langu, Fundi."

"Ulifundishwa kuua, ukaua vizuri. Wa kukufundisha jingine nilikuwa mimi. Andika, lori halitungoji."

Niliandika. Nimeandika barua nyingi za kazi tangu hapo, na sijawahi kuandika nyingine ambayo mkubwa alichukua kosa la mdogo bila kuombwa na bila kulikumbusha baadaye. Hakulikumbusha hata kwa mzaha. Hata Mama Mutinda hakuambiwa. Alichoambiwa ni kwamba sufuria yake ina baraka na tunaiomba tena. Alijibu kwamba sawa, ila baraka hiyo isinuke sana.

Bwana D.O. alikubali. Madebe niliyasuuza kwa maji ya ziwa, nikayaanika siku mbili juani hadi harufu ya klorini ikaondoka kabisa, na mti wa kukorogea nilikata mpya. Kisha tukaanza tena kana kwamba ni siku ya kwanza, Jumatatu na Alhamisi.

Kwa wiki moja hakukuwa na dalili. Wiki iliyofuata, mawe ya ngazi yalianza kuteleza. Niliona utando wa hudhurungi umeota juu yake, nikaenda kutafuta brashi. Fundi alinikuta nimepiga magoti na brashi mkononi. Alinitazama tu. Nikaiweka chini.

"Hao ndio," alisema. "Wamepata nyumba."

Tangu hapo mambo yalikwenda kwa mpangilio ambao hadi leo unanistaajabisha, na nimeuona mara nyingi. Chupa zilivuka alasiri, zikavuka magharibi, zikafika kesho yake. Mapovu yalipungua kutoka upande wa ngazi kwenda katikati. Sahani nyeupe ilianza kuonekana kina cha mkono, kisha kina cha kiuno. Viumbe tusiowaona kwa macho walikuwa wakila uchafu wa miaka ya kiwanda kizima, bila kelele, na tulichowapa ni maji yanayoteremka mawe.

Mawingu ya masika yalipojikusanya, Bwana D.O. alikuja na karani wake. Fundi alimwonyesha chupa. Alizitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za harusi ya watu asiowajua. Nikaanza kumweleza habari ya wino, na nadhani nilieleza kwa urefu. Nilipokuwa bado katikati, Mama Mutinda alipita na ng'ombe wake watatu kwenda kule mbali. Ng'ombe wa mbele akasimama. Akaiacha njia, akateremka hadi ukingoni, akanusa. Ng'ombe akaingiza mdomo majini akanywa, na wenzake wakamfuata.

Mama Mutinda aliitazama pete yake kwanza, akaisugua kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Bwana D.O.

"Sasa huo mtaro," alisema, "unaenda kuchimba wapi?"

Haukuchimbwa. Fundi Hamisi alikaa nasi miaka mitatu zaidi, kisha akarudi kwao. Hakuacha kitu ila ngazi zile, rafu ya chupa, na yale madebe, ambayo tumeyatumia tangu wakati huo kuchukua tope la Mwangoni na kulipeleka kwenye mabwawa mengine, hadi yale ya hoteli za Diani. Siku hizi mna mashine za umeme za kupuliza hewa chini ya maji, na bakteria wanakuja katika pakiti, wamekauka kama unga. Nimezitumia, zinafanya kazi, sina neno. Lakini msimu wa umeme kukatika na pakiti kuchelewa, mmeona wenyewe tunavyorudi kwenye madebe. Ndiyo maana yanakaa stoo na tope hai kidogo ndani, chini ya gunia bichi. Mgeni akiyaona hudhani ni uvivu.

Sasa ile siku ya kuniaga. Mlinipa zawadi, debe moja la zamani la Mwangoni, limesuguliwa likang'aa, limefungwa utepe. Nililipokea kwa mikono miwili na nikashukuru kwa moyo wangu wote. Kisha, kwa mazoea, nikalinusa.

Nikamwita pembeni kijana aliyeandaa zawadi, mwenye bidii kuliko wote niliowahi kuwafundisha, nikamuuliza kwa upole kama ni debe hili tu lililooshwa.

"Yote, Mzee," alinijibu, uso umejaa furaha. "Stoo nzima, kwa klorini. Mara mbili."